Chachu Kutoka Murukulazo

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya unga wa ngano ulioanza kuchachuka kwenye bakuli la bati lililofunikwa sahani. Ni harufu kali kidogo, yenye utamu kwa mbali, inayokupanda puani kabla hujaamua kama unaipenda. Mimi niliipenda. Bakuli hilo lilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwetu Biharamulo, nyuma ya soko, na kila Jumamosi asubuhi mama alipolifunua nilikuwa nimeshasimama pembeni kuangalia vitobo vidogo vidogo juu ya unga, dalili kwamba mle ndani kuna uhai. Alikanda, akakata donge moja la ukubwa wa ngumi ya mtoto na kulirudisha kwenye bakuli, na hilo halikuguswa hata kama wageni wangefika kumi na mkate usitoshe. Tuliliita donge la kesho. Mengine yaliingia kwenye makopo yaliyopakwa mafuta, makopo yakaingia kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, mfuniko ukawekwa, na mkaa ukapaliwa juu yake ili moto uje kutoka juu na chini. Jiko la kuokea hatukuwa nalo, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Mkate wa mama ulikuwa na ganda la kahawia lililolia ukilibonyeza, na nimekula mikate ya miji mikubwa bila kuukuta tena.

Chachu ile haikutoka dukani. Hamira ya kopo ilikuwepo sokoni, lakini mama aliishuku, maana mara mbili alipoijaribu unga ulibaki vilevile alivyoukanda. Yeye ni Mhangaza wa Murukulazo, kule Ngara, na bibi yangu alijulikana kijiji kizima kwa rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi zilizoiva zilikamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti, juisi ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake mtumbwi mzima ulikuwa ukichemka bila moto. Mwaka alioolewa, mama alichota povu la juu, akalitia kwenye chupa ya soda na kupanda nalo basi la Biharamulo. Aliiziba chupa kwa nguvu kupita kiasi. Njiani kifuniko kikaruka na kumpiga kisogoni abiria wa mbele, na baba, ambaye ni fundi mwashi na mtu wa maneno, aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni, kwamba alitoa mahari ya mke akaletewa mke pamoja na mzinga. Kilichosalia chini ya chupa kilikandwa pamoja na unga, na tangu siku hiyo donge la kesho halikukatika.

Mama alifika Biharamulo akiwa hana ndugu wala jamaa. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, Kisubi cha majirani hakukijua, na ukimsikiliza vizuri ungesikia r na l zikibadilishana viti. Aliyempokea ni Mama Hadija, jirani wa nyumba ya pili, Mwislamu wa ukoo uliokaa Biharamulo tangu babu na babu. Ni yeye aliyemwonyesha mama kisima kisichokauka kiangazi na mama muuza dagaa asiyepunja. Nilipokuwa mchanga nikashikwa na degedege, baba akiwa kazini mbali, Mama Hadija ndiye aliyenifunga mgongoni mwake na kukimbia nami hospitalini huku mama akifuata nyuma analia. Binti yake Hadija na mimi tulianza shule siku moja, tukakaa dawati moja, na nilikula kwao siku nyingi kiasi kwamba mtu asiyetujua angedhani mimi ni wa pale. Mama hakuwa na mtu mwingine katika mji ule. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu ndilo nililokaribia kulivunja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa darasa la sita. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Mama Hadija alimwomba mama chachu, aoke mikate ya futari ya nyumbani na mingine ya kupeleka msikitini. Mama alimkatia kipande kwa furaha kubwa. Mama Hadija alikinusa, akakisifu, kisha akauliza, "Hivi hii huwa unaitoa wapi?" Mama akajibu, "Ni ya kwetu, Murukulazo." Nilikuwa nimekaa pale pale nikichambua maharage, na nililisikia jibu hilo bila kuliona tatizo. Lilikuwa la kweli, ila nusu yake ilibaki mdomoni. Mama Hadija alipotaka kushukuru, mama akamzuia. Kwao chachu haishukuriwi, sawa na mbegu, ukishukuru inalala. Wakacheka wote wawili, na Mama Hadija akaondoka na kipande chake kwenye sahani ya mama.

Siku ya nne ya mfungo, mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Theonest, alitusomesha habari kutoka kitabuni, na ndani yake kulikuwa na sentensi kwamba vijana wenye elimu ni chachu ya maendeleo. Aliinua macho akauliza chachu ni nini. Mmoja akasema ni kiongozi. Mwingine akasema ni kitu kinacholeta maendeleo. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema mnanirudishia sentensi yangu, nataka kitu chenyewe. Mimi, ambaye sikuwahi kuliacha swali lipite, nilinyoosha mkono hadi nikanyanyuka kwenye dawati. Nikaeleza kwamba chachu ni kitu kidogo kinachotiwa kwenye unga mwingi ili uumuke, kwamba haiishi kama una akili ya kubakiza, kwamba yetu mama aliitoa kwa bibi Murukulazo, kwenye povu la rubisi, akaikanda na unga, na mpaka leo ni ileile. Nilieleza na jinsi rubisi inavyotengenezwa, mtumbwi, majani, mtama na yote. Sijui kama nimewahi kueleza jambo vizuri kuliko siku ile, na nimefundisha miaka mingi.

Mwalimu Theonest alifurahi mno. Akageukia ubao akaandika chacha, chachu, chachuka, chachua, moja chini ya lingine, akatuambia tuyatazame maneno hayo kama watoto wa mama mmoja. Wali wa jana ukichacha, alisema, tunautupa. Chachu ni uchachu uleule, ila huu mtu ameufuga. Hamira ni neno lililokuja na Waarabu, lakini chachu ni letu, na wazee waliona jinsi kipande kidogo kilichochacha kinavyougusa unga wote na kuugeuza, ndipo wakaanza kulisema neno hilo kwa watu. Akaniambia nikae, akanisifu mbele ya wote. Nilikaa nimejaa, nikamgeukia Hadija nione kama naye amefurahi. Alikuwa anaangalia daftari lake. Tulipotoka shuleni na kuifuata njia inayoshuka kutoka boma la Wajerumani hakusema neno, nami nikadhani ni njaa ya mfungo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama Hadija alikuja kwetu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba bila kunitazama. Mkononi alikuwa na sahani ya mama na juu yake donge la chachu, limefunikwa kitambaa. Aliiweka kizingitini, hakuingia. Mama alitoka jikoni anajifuta mikono na kumwambia karibu, karibu ndani.

"Mama Leokadia, shika chombo chako," alisema Mama Hadija. "Nimelisha watu msikitini siku tatu. Wazee wamefuturu kwa mkate wangu. Ungeniambia, ningekataa, na tungebaki tulivyo."

Mama angeweza kuomba radhi pale pale, na habari hii ingeishia hapo. Lakini alishtuka, na mtu aliyeshtuka hujitetea. Akasema rubisi gani hiyo, iliisha siku nyingi, miaka kumi na mitatu ni unga na maji tu, hata ukilinusa huwezi kusikia pombe. Mama Hadija alimsubiri amalize. Kisha akasema, "Hukuniambia," akajifunga vizuri mtandio wake na kuondoka. Sahani ilikaa kizingitini mpaka baba aliporudi na nusura aikanyage.

Nilikwenda jikoni nikamwambia mama kwamba ni mimi niliyesema, darasani, na Hadija alikuwepo. Nilitegemea fimbo, na kwa kweli ningeipokea kwa shukrani. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono imejaa unga. "Wewe mwalimu alikuuliza, ukajibu," alisema. "Mimi niliulizwa, sikujibu." Akaendelea kukanda. Nilibaki nimesimama, nikaona fimbo ingekuwa nafuu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Hadija hakuhama dawati, lakini alichora mstari wa chaki katikati, na kila asubuhi kama umefutika aliuchora upya, kwa rula. Ni yeye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba mama yake alikwenda kumuuliza shehe, na shehe akasema aliyekula bila kujua hana lawama. Nilidhani basi mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mama Hadija alipita mbele ya nyumba yetu akienda kisimani na kumsalimia mama kama anavyosalimiwa mtu wa ofisini, salamu kamili bila kusimama. Mama naye alikuwa na kiburi chake. Jumamosi aliwasha moto peke yake na kupalia mkaa peke yake, na mara kwa mara alisema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu, kwamba rubisi ilishakufa kwenye unga. Mkate ulitoka mzuri kama siku zote. Shuleni niliacha kunyoosha mkono. Mwalimu Theonest aliuliza maswali ambayo majibu yake yalinichoma ulimini, nami nikainama nikatafuta penseli ambayo haikuanguka. Nilikuwa nimegundua kwamba jibu sahihi linaweza kumfanya mama yako akose rafiki, na hakuna aliyekuwa amenifundisha la kufanya na ujuzi huo.

Jumamosi ya tatu mama aliamka, akalifunua bakuli, akaangalia vitobo vyake kwa muda mrefu. Kisha aliniambia jambo ambalo mzazi wa kwetu hamwambii mtoto kirahisi. Alisema alijua. Mama Hadija alipouliza, neno rubisi lilimjia mdomoni, akalimeza, kwa sababu alijua rafiki yake atakataa, na yeye alitaka sana siku moja, baada ya yote aliyofanyiwa, awe na kitu cha kumpa mwanamke yule. Alisema hivyo akalibeba bakuli hadi nyuma ya nyumba, akalimimina lote chini ya migomba, na donge la kesho ndani yake. Nilipiga kelele kidogo. Lile lilikuwa povu la bibi, lilikuwa usichana wake mama, kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao ambacho kilikuwa bado hai. Alilisugua bakuli kwa majivu mara tatu, akalisuuza, akalianika juani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na majivu.

Baada ya hapo alichukua ulezi kutoka kwenye debe, punje zenyewe, ambazo hazijasagwa, akazifunga kwenye kitambaa. Akaniambia nibebe bakuli tupu nimfuate. Mama Hadija alikuwa uani kwake anapembua mchele. Alituona, hakusimama, lakini aliusogeza mkeka. Mama hakukaa. Alisema, akiwa amesimama na mimi nimesimama nyuma yake na bakuli langu, "Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikusema. Nimekukosea. Ile nimeimwaga yote. Nimekuletea ulezi ambao haujasagwa. Nakuomba usage mwenyewe, kwa jiwe lako, na maji yatoke kwenye mtungi wako. Tuianze mbele ya macho yako."

Mama Hadija aliendelea kupembua kidogo, ungo unacheza mikononi. "Hiyo rubisi yenu siyo iliyoniuma zaidi," alisema mwishowe. "Hilo ni kati yangu na Mola, na Mola anajua sikujua. Kilichoniuma ni kwamba wewe ulijua, ukakaa unanitazama nikikanda." Mama akasema ndiyo. Nadhani ile ndiyo ya peke yake, isiyo na lakini nyuma yake, ndiyo iliyofanya kazi, kwa maana Mama Hadija aliweka ungo chini, akamwita Hadija alete jiwe la kusagia, na akanyoosha mkono kuupokea ule ulezi.

Walisaga kwa zamu. Unga ulichanganywa na maji kwenye bakuli letu lakini likabaki kwao, kwenye dirisha la jikoni, na kila siku baada ya shule mimi na Hadija tulipewa kazi ya kulilisha kijiko cha unga na kijiko cha maji. Siku ya tatu lilinuka vibaya kiasi cha Hadija kukimbilia nje. Mama alitaka limwagwe, Mama Hadija akakataa, akasema liache likomae. Kwa kuwa alikuwa amefunga hakuweza kuonja, hivyo alilichunga kwa pua tu, asubuhi na alasiri, ameinama juu ya bakuli amefumba macho. Siku ya sita ile harufu mbaya iliondoka, ikabaki kali kidogo, yenye utamu kwa mbali. Siku ya tisa, wakati mwezi wa kufungulia ukiwa unasubiriwa, tulikuta unga umeupita ukingo wa bakuli na kuteremka dirishani. Mstari wa chaki ulikuwa umeshafutika dawatini, na hakuna kati yetu aliyesema ni siku gani ulifutika. Mikate ya Idi waliioka pamoja, na Mama Hadija aliigawa akiwaambia watu wote, hata wasiouliza, kwamba chachu yake ni ulezi na maji ya mtungi wake. Aliyeumia ni bibi. Tulipokwenda Murukulazo likizo na mama akamweleza, bibi alimtazama mwanawe na kusema, "Umemwaga povu langu kwa ajili ya mutu?" na hakuzungumza naye vizuri mpaka maharage yalipovunwa.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili huko Bugarama, Ngara, na neno chachu limekuwa halina mapumziko. Sijawahi kukaa kwenye mkutano likakosekana. Vijana ni chachu, walimu ni chachu, barabara ni chachu, choo kipya cha shule kimezinduliwa na mgeni rasmi akakiita chachu. Wanafunzi wangu wanaliandika kwenye insha kama wanavyoweka nukta. Mimi huwasimamisha, kama nilivyosimamishwa, nikawauliza kitu chenyewe ni nini, na wengi hawajakiona, kwa sababu nyumbani kwao hamira hutoka kwenye pakiti ndogo, inafanya kazi kwa saa moja, hakuna cha kubakiza na hakuna cha kumwomba jirani. Siilaumu pakiti, naitumia. Lakini wanaolipenda neno hili wanaangalia kuumuka tu. Hawafikirii kwamba kilichoingia kwenye unga wa mtu hakitolewi tena, kwamba ataula na atawalisha wengine, na kwa hiyo anayekuja kwako akisema ni chachu ana deni la kukueleza ametoka wapi kabla hujakanda. Mkono wangu ulirudi kunyooka darasani mwaka uleule, ikiwa kuna anayejiuliza. Nilichojifunza si kunyamaza. Nilijifunza kwamba kuna mambo ambayo mwenyewe anapaswa kuyasema kwanza, na kuyasema mapema.

Ile chachu ya ulezi iliishi miaka mingi katika nyumba zote mbili. Ilikufa siku mama alipolazwa, wakati Hadija ameshaolewa mbali na Mama Hadija hana tena macho ya kuona vitobo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza upya. Idi iliyopita nilikuwa Biharamulo, nikamsindikiza mama kupeleka mkate nyumba ya pili. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, mkate niliubeba mimi. Mama Hadija alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, akazisikia hatua za mama kabla hatujabisha. Mama alisimama mbele yake na, kabla hata ya kuitikia karibu, akaanza, polepole, kama anavyofanya kila mwaka: unga wa ngano, hamira ya pakiti ya dukani, maziwa ya ng'ombe, sukari, chumvi, mafuta ya alizeti. Mama Hadija alimwambia, "Mimi nimekuuliza?" Mama akasema, "Hujaniuliza." Alibaki amesimama, ameegemea mkongojo wake, hadi Mama Hadija alipomega, akatafuna, akameza. Ndipo akakaa.